Kumi na Mbili kwa Kumi na Mbili

Macho hayana pazia, na Mama Kidoti hakuiba kitu. Alikuwa mfagiaji wa shule ya chekechea, na kila jioni, watoto wakishaondoka, aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu na kitambaa chake cha vumbi. Wiki hiyo mezani palikuwa na kadi kumi na mbili za picha, kila moja na namba yake pembeni, zimefungwa kwa mpira. Ukifuta meza lazima uinue kilicho juu yake. Akainua. Siku ya kwanza akaona jogoo, ndoo na jua. Siku ya pili kiatu, samaki na mwavuli. Siku ya nne alikuwa amezimaliza zote, na alizijua kwa mpangilio wake kama anavyoijua njia ya kurudi nyumbani.

Kazi ya kadi hizo pia aliijua. Zilikuwa za kupimia watoto wapya. Aliyepata saba kwenda juu aliingia darasa kubwa. Aliyepata chini ya saba alipelekwa chumba cha mwisho wa korido, kwenye meza ya mviringo yenye viti sita, kwa mwalimu mmoja mwembamba ambaye watoto walimwita Mwalimu Polepole. Kwenye karatasi za shule iliitwa meza ndogo. Jikoni, mpishi aliiita meza ya wazito, na kila akiita hivyo alicheka, na Mama Kidoti alikuwa akicheka naye, mpaka zamu ya mwanawe ilipokaribia.

Kidoti alikuwa na miaka mitano na doa dogo jeusi kidevuni. Maneno yake yote ungeyahesabu kabla chai haijapoa. Ukimwambia "Lete kiatu," alileta. Ukimwambia "Lete kiatu, halafu funga mlango, uje ukae," alisimama katikati ya chumba akikutazama, amekwama, mpaka wewe mwenyewe uone haya. Majirani walisema atachangamka tu, watoto wengine huchelewa. Mama Kidoti alikubaliana nao kwa mdomo.

"Mwanangu hakai meza ya wazito," alisema Baba Kidoti. Alikuwa fundi baiskeli, na aliyasema hayo amechuchumaa mlangoni, anasugua grisi vidoleni. "Mimi nilikaa dawati la nyuma miaka saba. Ukishakalishwa huko hakuna anayekumbuka kukutoa."

"Wanapima kwa kadi, Baba Kidoti. Nimeziona."

"Zote?"

"Zote."

Fundi akaacha kusugua. "Sasa unangoja nini, mke wangu?"

Akakata maboksi ya tairi, akachora kwa kalamu nene huku mkewe akimwelekeza. Mchoraji hakuwa. Mama Kidoti aliiinua kadi ya tano kwenye mwanga akauliza kama ni samaki au ni kiti cha baiskeli, na fundi akamjibu kwamba mwenye macho ataona ni samaki. Walicheka sana jioni hiyo. Walikuwa wanamjengea mtoto wao, na kazi ya kujenga ina raha yake.

Kwa siku nane, kila wakimaliza chai, Mama aliinua kadi, akaitaja, Kidoti akarudia. Akipatia, kipande cha mkate chenye sukari. Jogoo, ndoo, jua, kiatu, samaki, mwavuli. Halafu zile ngumu: nyekundu, bluu, tatu, tano, kubwa, nyingi. Siku ya saba Kidoti alizitaja zote bila kusaidiwa, na Baba Kidoti akambeba juu juu mpaka kichwa kikakaribia dari.

Jioni hiyohiyo kadi zilimponyoka fundi. Akaziokota ovyo, akainua ya juu. Ilikuwa samaki.

"Jogoo," akasema Kidoti.

Akainua mwavuli. "Ndoo," akasema Kidoti, na akanyoosha mkono apewe mkate.

Mume na mke wakatazamana. Hapo ndipo walipojua, wote wawili, na hapo ndipo walipovaa miwani ya mbao. "Zipange vizuri bwana," Mama Kidoti alisema, "unamchanganya mtoto."

*

Siku ya kupimwa, Mama Kidoti alideki korido yote mara moja na kipande cha mbele ya ofisi mara nne. Ndani alikuwamo mpimaji, bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu aliyekuwa na shule tisa za kuzungukia na soli moja iliyoachama. Alikuwa mpole. Alibeba muhuri wenye umbo la nyota, na kila mtoto aliyemaliza alimpigia nyota ya wino mkononi, apate asipate.

Kutoka kwenye korido Mama Kidoti alisikia sauti ya mwanawe ikitoka neno moja moja, bila haraka, bila kosa. Ilipofika "nyingi," aliegemea fimbo ya dekio.

"Kumi na mbili kwa kumi na mbili!" Mpimaji alifungua mlango mwenyewe. "Mama, huyu mnamlisha nini?"

"Mtoto wa mfagiaji wetu huyo," alisema Mwalimu Mkuu kutoka mezani kwake, kwa mshangao wa mtu aliyekuta sarafu kwenye takataka. Mama Kidoti aliipokea kama sifa. Hakuwa na pengine pa kuipokelea.

Nyumbani, Baba Kidoti alimwambia kila mteja aliyeleta pancha. Aliyeleta mnyororo uliokatika aliambiwa mara mbili.

*

Darasa kubwa lilikuwa na watoto arobaini na watatu na mwalimu mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Si mtu mbaya. Lakini mtu mwenye watoto arobaini na watatu husema na darasa, hasemi na mtoto. "Toeni daftari, fungueni penye nyumba, pakeni paa rangi nyekundu, ukimaliza nyoosha mkono!" Arobaini na wawili waliinama. Kidoti alitoa daftari, akalikumbatia, akabaki hivyo mpaka wakati wa chai.

Wiki ya tatu mwalimu alimsimamisha Mama Kidoti penye ndoo.

"Mama Kidoti, mwanao ni jeuri."

"Jeuri, mwalimu? Nyumbani hata nzi hamfukuzi."

"Angekuwa mzito ningejua pa kuanzia. Ningemwambia Mwalimu Mkuu, mtoto huyu hayuko mahali pake. Lakini fomu yake ninayo, alipata kumi na mbili. Darasa zima hakuna mwingine mwenye kumi na mbili. Kwa hiyo akili anayo, anatunyima tu. Na mimi sichezewi na mtoto wa miaka mitano."

Mama Kidoti alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akasema, "Nitamkanya, mwalimu."

Basi Kidoti akawa wa kusimama mlangoni. Darasa likikaa chini, yeye anasimama, kwa adhabu, mpaka aseme samahani. Hakujua kwamba neno hilo ndilo linalongojwa. Mama yake, akipita na fagio, alimwona kila siku, uso umeelekezwa kwenye bawaba, mikono nyuma.

Siku ya Jumanne ikasikika sauti: "Mama wa usafi! Njoo na dekio!"

Akaja mbio na ndoo. Watoto arobaini na wawili walikuwa wameshika pua. Mlangoni Kidoti alisimama ndani ya dimbwi, soksi zimelowa, na alipomwona mama yake akainua mikono yote miwili abebwe. Mama Kidoti akaitua ndoo.

"Kwanza sakafu, mama," alisema mwalimu. "Wenzake watateleza."

Akadeki. Alideki kuizunguka miguu ya mwanawe, na mwanawe mikono iko juu vilevile, na watoto wanacheka, na yeye anakamua tambara kwenye ndoo na kulirudisha chini. Alipomaliza ndipo akambeba. Katika maisha yake alikuwa amefuta uchafu wa kila aina na hakuna uliowahi kumuumiza. Huu ulimuumiza.

*

Alimpeleka chumba cha mwisho kwa sababu ndicho kilichokuwa na sinki la karibu. Kulikuwa na watoto watano mezani. Mwalimu Polepole alikuwa akiwapa makopo na maharage.

"Shika kopo," alimwambia mmoja. Halafu akangoja. Mama Kidoti, huku akisuuza soksi, alingoja naye bila kupenda. Mtoto alitazama dirisha, akatazama viatu vyake, akashika kopo. "Tia moja." Akangoja tena. Mama Kidoti hajapata kumwona mtu mzima akimngoja mtoto muda mrefu hivyo bila kugomba.

"Mwalimu, huchoki?"

"Nachoka. Hasa mgongo." Mwalimu Polepole alimtazama Kidoti aliyekuwa amesogea mezani bila viatu. "Mwache akae hapa kidogo soksi zikauke."

Kidoti alishika kopo. Alitia harage moja, akasikia linavyolia, akatia jingine. Alitia na kumwaga mpaka kengele ya mwisho ikalia, na kati ya moja na jingine alicheka, kicheko cha sauti ambacho mama yake alidhani kinasikika nyumbani tu. Wenzake walipoondoka, mwalimu alibandua picha ukutani akamwonyesha. Ilikuwa gari.

"Hiki nini, Kidoti?"

"Jogoo."

Picha ya kikombe. "Ndoo."

Picha ya mti. "Jua."

Mwalimu Polepole akaziweka picha chini. Kadi za ofisini alikuwa akizijua miaka mingi kuliko mfagiaji. "Jogoo, ndoo, jua," alisema taratibu. "Nani alimfundisha, Mama Kidoti?"

Kulikuwa na uongo mwingi wa kuchagua, na wote ulimjia. "Ni mimi," alisema, na hapo machozi yakamtoka kwa fujo. "Ni mimi, mwalimu. Nilitaka afaulu."

"Afaulu nini?" Mwalimu Polepole alikuwa na hasira, na hasira yake haikupiga kelele. "Ule si mtihani. Hakuna anayefaulu wala anayefeli. Shule inakuuliza tu, mama, mwanao anahitaji nini? Na wewe ukamjibia kwamba hahitaji kitu."

Mama Kidoti alijifuta kwa tambara la vumbi. Akauliza kama sasa kuna lolote linaloweza kufanyika.

"Viti vyangu ni sita. Wazazi wa mtoto mmoja wamehama, kwa hiyo kimoja kiko wazi mpaka Ijumaa. Kisipopata mtoto mwenye alama chini ya saba, ofisi ya elimu inakifuta, na kikishafutwa hakirudi mwaka huu. Nampenda huyu mtoto wako. Lakini kwa alama kumi na mbili, nitamwombeaje?"

*

"Ukisema, umejifukuzisha kazi," alisema Baba Kidoti.

"Na nisiposema?"

"Atazoea. Mimi nilizoea."

"Leo nimefuta mkojo wake, Baba Kidoti. Mbele ya watoto arobaini. Amenyoosha mikono nimbebe na mimi nafuta kwanza. Wewe ulikuwa hapa unaziba pancha, usiniambie habari ya kuzoea."

Fundi aliuzungusha ukingo wa tairi mapajani, akagusa spoku moja baada ya nyingine. Alikuwa akitafuta pa kuweka aibu yake. "Basi sema mimi ndiye niliyekutuma," alisema mwishowe. Mkewe alimpenda kwa neno hilo kuliko alivyompenda siku ya kuolewa.

Asubuhi akapiga moyo konde akaingia ofisini, kwa mara ya kwanza bila kitambaa. Alieleza yote wima, maana hakuambiwa akae.

"Uligusa meza yangu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Naigusa kila siku, Mwalimu Mkuu. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Usinijibu hivyo." Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amewekwa mahali pabaya na alilijua hilo. Kadi zilizoachwa mezani aliziacha yeye. Akimfukuza mfagiaji, ataulizwa kwa nini. Kwa hiyo akachukua njia ya katikati, ambayo kwa mnyonge huwa si ya katikati: barua ya onyo, ufunguo wa ofisi urudishwe, na kuanzia siku hiyo Mama Kidoti ni wa vyoo na korido tu. Mpishi angefuta meza.

"Na mtoto?"

"Alama haifutwi kwa maneno ya mama. Apimwe upya. Ijumaa mpimaji atapita, nitamwomba."

"Kwa kadi zipi, Mwalimu Mkuu?"

"Kwani kuna nyingine? Tulipewa hizohizo."

Mwalimu Polepole alimfuata chooni, akasimama kando ya ndoo. "Nisikilize. Usimfundishe kitu chochote. Mwache alivyo. Nitamwomba mpimaji achanganye kadi, ataona mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Alisikia, naam. Lakini hofu ina masikio yake. Kiti kilikuwa kimoja, Ijumaa ilikuwa kesho kutwa, na Mama Kidoti hakuwa mtu wa kuweka bahati ya mwanawe mikononi mwa bwana mwenye shule tisa. Jioni ile alizitoa zile kadi za boksi kutoka chini ya kitanda.

"Hiki nini?"

"Jogoo," alisema Kidoti, na akanyoosha mkono.

"Hapana. Sema sijui."

Kidoti akatazama kadi. Labda hakulisema vizuri. "Jogoo!"

"Sema sijui, mama. Si-ju-i."

Mkate haukuja. Neno lililokuwa tamu siku zote lilikuwa limegeuka, na mtoto akalijaribu kwa sauti ndogo, akalijaribu kwa kunong'ona, akalijaribu huku ameshika sketi ya mama yake. Baba Kidoti akatoka akakaa nje na baiskeli ambazo hazikuwa na ubovu. Siku ya pili, katika kadi ya sita, Mama Kidoti alimpiga kibao cha mkono. Hakuwa amewahi kumpiga. Baada ya hapo Kidoti alisema "sijui" kwa zote kumi na mbili, makamasi yakimtiririka, na akapewa mkate, na hakuula.

*

Ijumaa mpimaji aliingia anafuta jasho. "Rafiki yangu wa kumi na mbili!" alisema, na akautoa ule muhuri wa nyota akauweka mezani. Mwalimu Mkuu alikaa upande wake, Mwalimu Polepole akasimama dirishani, na Mama Kidoti akaruhusiwa ukutani, na harufu ya dawa ya chooni aliyokuja nayo.

"Hiki nini?"

Kidoti alimgeukia mama yake. Mama Kidoti akalitamka bila sauti: sijui. Kidoti akautazama muhuri. Akamtazama bwana yule, aliyekuwa akitabasamu kama siku ile nyingine, siku nzuri, kabla maneno hayajaharibika.

"Jogoo," akasema.

"Vizuri. Na hiki?"

"Ndoo."

Sauti ikampanda. Jua, kiatu, samaki. Hapa palikuwa mahali ambapo maneno bado yana thamani, na akayatoa yote, moja moja, uso unang'aa, hakumtazama tena mtu aliyesimama ukutani. Alipofika "nyingi" alikuwa karibu anaimba.

"Kumi na mbili," alisema mpimaji, na kalamu ikateremka.

"Changanya kadi, bwana mpimaji," alisema Mwalimu Polepole.

"Mwongozo unasema kwa mpangilio wa namba, mwalimu."

"Basi nje ya fomu. Kwa macho yako tu. Nakuomba."

Bwana yule alikuwa na moyo. Akazichanganya, akainua mwavuli.

"Jogoo," alisema Kidoti kwa furaha ileile.

Kiatu. "Ndoo." Kadi ya vidole vitatu. "Jua." Rangi ya bluu. "Kiatu." Mpimaji akaendelea mpaka ya tano, kisha akazilaza kadi kifudifudi, na Kidoti akaendelea peke yake kwa sauti ndogo, mwavuli, nyekundu, bluu.

"Nimeona," alisema mpimaji.

"Basi andika."

"Niandike wapi, mwalimu?" Akaigeuza fomu aione. "Hapa jina. Hapa alama. Hapa saini. Pa kuandika nilichokiona hapapo. Na alama ile ya kwanza nilisaini mimi. Leo nikiandika moja, wataniuliza, muhula ulipoanza ulikuwa umelala? Na wale wengine wa shule nane, ulikuwa umelala nao?"

Mwalimu Polepole akamgeukia Mwalimu Mkuu.

"Nitaandika barua," alisema Mwalimu Mkuu. "Tuombe seti mpya ya kadi. Mwakani."

"Kiti kinafutwa leo."

"Nimesema nitaandika barua."

Mpimaji akaandika kumi na mbili, akasaini haraka. Kidoti alikuwa ameshanyoosha mkono, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumnyima. Akapigiwa nyota.

Kwenye korido Mama Kidoti alitembea mbele kwa hasira, na hakujua amemkasirikia nani kati ya wale watu, na alikuwa amejikasirikia mwenyewe. Akahisi sketi inavutwa. Kidoti alikuwa amesimama, mkono mmoja umeficha nyota ya mkono mwingine. Katika miaka mitano mtoto huyu aliomba maji, aliomba kubebwa, lakini hakuwahi kumuuliza mtu swali.

"Mama," alisema, "nimekosea?"

Mama Kidoti akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Akauondoa ule mkono unaoficha, akaitazama nyota. "Hujakosea, mama," alisema. "Umepatia zote."

Mlango wa darasa kubwa ukafunguka. "Haya, mwenye kumi na mbili," alisema mwalimu, "ingia upesi, tumeshaanza." Mama yake akamwachia mkono.